Ziara ya Mwezi wa Tatu

Mtaa mzima ulikuwa umefungwa. Makufuli milangoni, majani yamefika madirishani, wala hapakuwa na kuku hata mmoja. Maximilian, mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wa Ifakara, alisimama katikati ya tope akanyoosha mikono kama mtu anayegawa shamba la baba yake.

"Kama unavyoona, Mkurugenzi. Watu walishahama hapa. Mafuriko yaliwachosha."

Mgeni aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, shati limenyooka, maneno machache, na kampuni yake ilikuwa tayari kujenga kiwanda cha kukoboa na kufungasha mchele. Alitaka kitu kimoja tu: eneo kubwa karibu na lami, lisilo na watu. Akisema leo kwamba hili limemfaa, matingatinga yangeingia kabla ya Pasaka.

Aurelia, katibu wa umoja, alikuwa nyuma yao, na alijua kuwa ule ni uongo.

Hakuna aliyehama. Watu walikuwa shamba. Kila mwaka mvua zikianza, familia za mtaa huu hufunga nyumba, huacha watoto wa shule kwa ndugu, hubeba sufuria na kuku, huvuka mto kwenda kukaa vibandani mpaka mpunga uvunwe. Mwezi wa saba pangejaa watu na magunia hadi ukose pa kupita. Maximilian alilijua hilo vizuri, kazaliwa mji huu huu. Na nyumba ile yenye mlango wa bluu ilikuwa ya wakwe zake Aurelia.

Lakini kiwanda nacho alikitaka, pengine kuliko mtu yeyote Ifakara. Alikuwa amezunguka Morogoro na Dodoma akisema maneno yale yale kwenye kila kikao: mpunga wa Kilombero unaondoka kwenye malori, unarudi dukani ni mchele wenye jina la mji mwingine. Wakubwa walimpigia makofi, wakanywa chai, wakaondoka. Huyu alikuwa wa kwanza kupanda gari akaja. Umoja ulimwomba aje mwezi wa nane, mji ukiwa umechangamka. Yeye akataka mwezi wa tatu, akashikilia hapo hapo, na Maximilian nusura aruke kwa furaha.

"Mungu katuletea mtu asiyejua misimu," alisema siku ile ofisini, akicheka peke yake.

Aurelia alipendekeza eneo jingine, pori tupu njia ya kwenda kijiji cha Mbingu. Maximilian hakutaka hata kulisikia. Kule ni mbali mno na lami.

"Ukifungua mdomo leo," alimwambia asubuhi wakimsubiri mgeni, "kiwanda kinakwenda Mbeya. Halafu uje uwaeleze vijana wa mji huu."

Basi Aurelia alifunga mdomo, akatembea nao. Walipofika penye mtaro uliojaa maji, Maximilian alihangaika kutafuta ubao wa kumvushia mgeni. Alipoupata, mgeni alikuwa ameshazunguka nyuma ya mpera, akavukia kwenye mawe, yuko ng'ambo anawasubiri.

Simu ya Maximilian iliita. Akasogea pembeni kupokea, akicheka kile kicheko chake cha kuzungumza na wakubwa. Aurelia akajua nafasi ndiyo hii, hatapata nyingine. Akamfuata mgeni, aliyekuwa amesimama mbele ya nyumba ya Bibi Bernadeta, jirani wa wakwe zake, mjane ambaye hakosi misa na hakosi kumwombea mwanawe aliyekwenda kusoma akapotelea huko huko.

"Samahani, bosi. Umedanganywa. Hapa wanaishi watu."

Mgeni hakugeuka.

"Wako shamba, wanapalilia. Watarudi na mavuno yao. Ona hicho kinu hapo kibarazani, kimepinduliwa kisiingiwe na mvua. Nani anahama akaacha kinu? Mwenye nyumba hii ni bibi mzee, hana pengine pa kwenda. Sasa arudi na mpunga wake akute tingatinga limepita..." Akaonyesha kwa kidole upande wa Mbingu. "Eneo jingine lipo, nitakupeleka leo hii. Kiwanda nakitaka sana, bosi, lakini siyo hivi."

Mgeni aliendelea kukitazama kinu. Aurelia aliona wazi kwamba kiwanda kimeshakwenda, na ukatibu pia, na kwamba mji mzima utamnyooshea kidole. Iliuma. Hata hivyo, tangu asubuhi hakuwa amepumua vizuri kama alivyopumua sasa. Mtu akishajua, aliwaza, hawezi tena kujenga juu ya nyumba ya mwenzake.

Mgeni alipanda kibarazani. Akainama, akakiinamisha kile kinu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapapasa chini yake bila kutazama. Akatoa ufunguo.

"Mama bado anauweka hapa hapa," alisema.

Akaurudisha, akakikalisha kinu kama kilivyokuwa, akajipangusa udongo mikononi.

"Wewe unadhani kwa nini nilikataa kuja mwezi wa nane, wenyewe wakiwepo, dada?"