Chini ya Meza ya Kukatia

Wageni wa sikukuu walipofurika sebuleni, kitinda mimba wa fundi cherehani alipiga ukelele, akajibwaga sakafuni.

"Wifi, umemdekeza mno huyu!" dada wa mumewe akang'aka. "Mchape!"

Fundi akanyanyua mkono. Hapo ndipo alipoona vidole vya bintiye vimeziba masikio.

Mkono ukashuka. Akambeba hadi chumba cha kushonea, wakajipenyeza chini ya meza ya kukatia, nyuma ya kitambaa kilichoning'inia. Akampakatisha kopo la vifungo. Mtoto akatumbukiza vidole, akavikoroga vifungo taratibu, kwikwi zikapungua hadi zikaisha.

Mara kitambaa kikafunuliwa. Wifi yake alikuwa amepiga magoti, kilemba kimekwenda upande.

"Kelele za huko zitanipasua kichwa," akanong'ona. "Hebu sogeeni kidogo."

Mtoto akamsogezea kopo.