Pembeni ya Picha

Malalamiko yote ya siku ya majaribio yalikuja na jina moja: Marhoun.

Marhoun ndiye mkurugenzi wa mradi wa maji, na ndiye aliyeagiza tovuti hiyo. Picha za watumishi wote, yake ikiwemo, ziwekwe, mwananchi abonyeze anayemlalamikia, na yeye mkurugenzi awajue wazembe wake.

"Wewe chama gani?" alimuuliza Hamdiya, aliyeitengeneza.

"Mie wa kompyuta tu, Mheshimiwa."

"Basi iweke sawa kompyuta yako. Kesho mgeni anatoka Unguja kuja kuzindua. Jina langu likitokea mbele yake, mkataba wako basi."

Mkataba huo ndio uliokuwa ukimlisha Hamdiya na mamake. Alipanda gari la abiria hadi Konde, kwenye duka lililowekewa kompyuta ya kugusa kwa kidole, akakaa kutazama.

Akaja Bi Ghaliya, ambaye mfereji wake ulikauka tangu kabla ya Ramadhani. Aligusa ukingo mweupe pembeni ya picha, akaurudisha mkono upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Mbona hubonyezi picha, Bi?"

"Watu wazima hao, mwanangu. Ntamtiaje mtu kidole cha uso?"

Hamdiya alicheka, kisha akajionea haya, maana kosa lilikuwa lake. Mistari yake ya JavaScript, lugha ya kuiamrisha tovuti, iliuliza tu kidole kimeangukia wapi hasa. Kikikosa picha, iliikamata fremu kubwa ya ukurasa mzima, na fremu hiyo ilibeba jina la mkuu wa ofisi, Marhoun. Watu wa Konde wana adabu kuliko JavaScript.

Akaandika upya. Sasa popote kidole kitakapogusa, hata ukingoni, tovuti ingekwenda kutoka hapo hadi kwenye kisanduku cha picha ya mtumishi aliye karibu, na kulichukua jina lake.

Marhoun aliposimuliwa, alipumua kama mtu aliyefutiwa dhambi. "Nilijua tu. Watu wananipenda, adabu zao ndizo zilizoniponza."

Siku ya pili duka lilijaa. Mgeni alikaa mbele, skrini kubwa ikawashwa ukutani, na Bi Ghaliya akaitwa afungue, kwa kuwa keshazoea.

"Usione haya, Bi," Marhoun alimwambia kwa sauti ya kusikika na mgeni. "Leo hapa hakuna mtu mzima. Bonyeza picha yenyewe."

"Hata katikati?"

"Hapo hapo katikati."

Bi Ghaliya akapiga bismillahi, akabonyeza. Jina likatokea ukutani, herufi kubwa: Marhoun.

"Bado bovu," alisema mkurugenzi, akamgeukia Hamdiya. "Nenda kwenu."

Hamdiya alikuwa akikitazama kidole cha Bi Ghaliya, kilichokuwa bado kimekandamiza kioo, katikati ya pua ya mkurugenzi, na nyuma yake Konde nzima imepanga foleni.