Lenzi ya Kupigia Mbali

Lenzi ya tatu nayo Egbert aliirudisha juu ya meza, taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku.

"Hii nayo ina nini?" Cassian aliuliza.

Tangu asubuhi hajauza hata kibiriti. Dukani kwake pale Isingiro watu hufuata chumvi na mafuta ya taa. Sanduku lile la lenzi aliachiwa na Mzungu mpima madini aliyehama, na tangu hapo, mpaka mwaka huo wa hamsini na sita, hakuna aliyeliulizia isipokuwa huyu mwanachuo wa ualimu.

"Inataka nisimame karibu, tata. Hatua sita."

"Si usimame! Una nusu gunia la kahawa, na nusu gunia ndiyo bei yake. Unataka nikubembeleze?"

"Siwezi kumkaribia."

Cassian alijifuta uso kwa kitambaa cha mizani. Kijana alishamweleza yote. Chuo kina kamera ya sinema, ya kutia ufunguo kama saa, lakini lenzi kila mmoja ajitafutie. Kila mmoja apige mwenyewe filamu ya dakika tatu, ya kitu ambacho wajukuu wa Karagwe hawatakikuta. Asiyeifikisha Jumatatu hafanyi mtihani wa mwisho. Arudi kwao akapalilie migomba. Na leo ni Ijumaa.

"Basi simama mbali upige."

"Nilichungulia kwa lenzi fupi ya kuazima. Anakuwa kama sisimizi. Anachofanya hakionekani."

"Tafuta mwingine, aliye mpole."

"Wengine wameisha. Amebaki huyu mmoja, kule Kamuli."

Cassian aliacha kufuta. "Akikuona?"

"Atakimbilia migombani."

"Na wewe?"

"Nitakimbilia upande wa pili."

"Waitu! Ni nani huyo?"

Egbert aliinamisha macho. "Sipendi kumtaja, tata."

Cassian akafikiria kifaru. Wazee walisema bondeni vifaru walishakwisha, lakini wazee husema mengi.

Akachimbua chini ya sanduku, akatoa lenzi moja ndefu iliyoviringishwa kwenye flaneli. Pete yake ilikuwa ngumu kuzungusha, na kioo kina mkwaruzo pembeni. Egbert aliielekeza barabarani, akahema. Aliona kishikizo cha shati la mtu aliyekuwa anapita ng'ambo, karibu na mti wa posta.

"Hii ndiyo!"

"Hiyo magunia manne."

Uso wa kijana ukaporomoka. Akaifunga flaneli upya, akakunja pembe zake vizuri moja moja, akainua gunia lake lisilojaa, akaelekea mlangoni. Hapo ndipo Cassian aliposhindwa. Kukasirika alikasirika, lakini moyo wake si jiwe.

"Rudi hapa, msumbufu wewe! Weka hiyo kahawa. Ninakukodisha kesho tu. Lakini lenzi haiondoki peke yake, nakwenda nayo."

Kesho yake walikuwa wamelala kifudifudi kwenye majani makavu ya migomba, Kamuli, siafu wakiwapanda miguuni. Cassian alishika mkuki kwa mikono miwili. Egbert aliegemeza lenzi juu ya kisiki cha mgomba, maana lenzi ndefu hutikisika hata kwa pumzi.

Mbele yao, kupita shamba, palikuwa na ua na nyumba ya msonge.

"Wewe! Hapa pana watu," Cassian alinong'ona. "Tuwaonye."

"Nakuomba, tata. Kimya."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mzee akatoka na mkeka, akaketi, akachukua nyasi laini, zilizopakwa rangi nyeusi na nyekundu, akaanza kusuka mfuniko wa chungu cha maziwa, ule mwembamba wenye ncha kali. Cassian alijiinua ampigie kelele akimbie. Egbert akamkandamiza begani, na kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe. Kamera ikavuma kama nyuki.

Mikono ya mzee ikasimama. Akageuza kichwa kuelekea migombani, kisha haraka akajifunika kanga usoni. Egbert naye akafumba macho, kidole bado kiko kwenye kamera.

"Ametusikia," Cassian alisema. "Kwisha."

Lakini mikono ikarudi kwenye nyasi, ikaendelea kusuka, polepole kuliko mwanzo.

"Kokuberwa, mwanangu," yule mzee akaita ndani, "mwambie mumeo huko migombani, uso wa mama mkwe hauangaliwi, lakini mikono yangu hapa imo kivulini. Nisogee juani?"