Mnara wa Korongo wa Manjano

"Umeshapanda juu?" Mzee Ndalahwa aliuliza kwa shida. Mwanawe Mihayo alikuwa amemshikia simu karibu na mto wa kitanda cha hospitali.

"Mwangaluka, baba," Jenifer alimwamkia kwa Kisukuma. "Nimefika orofa ya mwisho ya Mnara wa Korongo wa Manjano. Mto Yangtze uko chini yangu."

Daktari hakuwaficha: mzee asingeiona Jumapili. Alibakiwa na hamu moja tu duniani, kumwona binti yake aliyekwenda Wuhan kusomea fasihi miaka mitatu iliyopita. Ukoo mzima kijijini Mwamapalala ulichangia ng'ombe wa kumsafirisha, na fedha zote za mauzo alizipokea wakala mmoja wa Mwanza, mtu wa suti na maneno matamu. Mihayo alitoa hata ng'ombe wa mahari yake. Mpaka leo anajipikia ugali.

"Nisimulie tena wale washairi."

"Zamani walipanda hapa kuagana na rafiki zao, baba. Mashua ikiondoka, anayebaki anaitazama mpaka ipotee. Halafu anaandika shairi."

"Na yule anayeondoka, anaona nini?"

"Anaona mnara tu."

Honi ikalia, kali.

"Ni mashua hizo," alisema upesi.

Uvumilivu ulimwishia Mihayo. "Siku zote mashairi! Baba anakwisha, Jenifer. Njoo!"

"Nauli sina, kaka," alisema, akaangua kilio, kisha simu ikakatika.

Mzee alifumba macho. Yalimuuma maneno hayo, yakamuuma kweli, na machozi yakamtiririka hadi masikioni.

"Usimgombeze," alimwambia Mihayo. "Walau ng'ombe wako wamefika China."

Mihayo alicheka bila furaha, akatoka kwenda kuwapa habari wajomba na baba wadogo waliojaa kwenye korido. Walikuwa wamekuja tangu juzi, kila mmoja na lawama yake kwa msichana asiyerudi kumzika baba yake.

Mlango ulipofungwa, mzee alimwita kwa kidole nesi Violeth, aliyekuwa pembeni ya kitanda.

"Chini ya dirisha hili, huku nyuma, kuna binti analia na simu mkononi," alinong'ona. "Honi ile niliisikia simuni na dirishani kwa pamoja. Ni Jenifer wangu. Hajawahi kupanda ndege."

Nesi alichungulia nje, akageuka haraka. "Nimwingize, mzee?"

"Mpelekee uji tu. Hapo mlangoni wamekaa wenye ng'ombe."