Ujumbe wa Saa Kumi na Mbili

Mstari wenyewe ulikuwa mmoja tu, juu kabisa ya faili, na Tshala aliukodolea macho mpaka yakamwuma: *import safari.Ujumbe;*

Kosa lilikuwa lake, wala hakuwa na wa kumsingizia. Programu ya chama cha familia za reli hapa Kamina aliikuta imelundikwa ovyo, klasi arobaini za Java, yaani vipande vya msimbo wa kompyuta, katika rundo moja. Jana akaamua kuzipanga. Akaunda pakeji tatu, kila moja kama chumba: safari, msiba, mizigo. Zamani kulikuwa na UjumbeWaSafari na UjumbeWaMsiba. Sasa kila klasi ina chumba chake, jina refu la nini? Akaziita zote mbili Ujumbe. Java haikugomba, wakaao vyumba tofauti wanaweza kuitwa jina moja, mradi anayewaita ataje chumba. Naye kwenye faili inayotuma, kwa uchovu, alitaja kimoja tu, cha safari.

Ujumbe wa msiba hauendi kwa mama mzazi. Huenda kwa pasta, naye huja nyumbani na akina mama wawili, akaketi, akanywa maji, ndipo akasema. Ujumbe wa safari ndio unaoingia moja kwa moja kwenye simu ya mama. Na asubuhi hii, saa kumi na mbili, simu ya Mama Émerence ilipokea huu:

"Plamedi anafika Kamina leo, saa tisa, behewa F. Karibuni kumpokea."

Rekodi ilisema mengine. Plamedi, mwanaye wa miaka ishirini na sita aliyekwenda Lubumbashi kutafuta kazi, alikuwa amefariki hospitalini, na treni ilikuwa inaleta mwili wake.

Tshala alimpigia pasta. Yuko Bukama, simu haishiki. Basi akafunga kompyuta, akatoka mbio. Alikuwa binti wa askari, amekulia Base, kambi ya jeshi, na habari za reli kwake zilikuwa herufi na namba za kujaza tu. Lakini hili alilielewa vizuri: mama wa watu anamngoja mwanaye mzima, na lazima aambiwe kabla treni haijaingia.

Alikuta nyumba ya Mama Émerence imeshapinduliwa. Turubai lilikuwa linafungwa uani. Meza, kabati na makochi vilikuwa vinatolewa nje, sebule imebaki tupu, mikeka imetandikwa. Sufuria mbili kubwa za bukari, ugali wa huku, zilikuwa motoni, na samaki wa Bukama wa kulisha mtaa mzima. Yote haya kwa ajili ya mstari mmoja!

"Tshala! Umefika muzuri," akasema Mama Émerence. "Kamata kiti ile, peleka inje."

"Mama, niko na neno ya kukuambia."

"Neno itangoya. Kwanza biti."

Akabeba viti. Alibeba kumi na viwili, na kila alipofungua mdomo alipewa cha kumi na tatu. Béni, jirani aliyekuwa akifunga kamba za turubai, akacheka: "Mama, iko arusi?"

"Mugeni," akajibu mama, basi. Akavua hereni zake, akazifunga kwenye pindo la kitenge. "Zinanisumbua," akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Mara ya pili Tshala alijaribu jikoni. Akakabidhiwa kisu na beseni la vitunguu. Haikupita dakika machozi yakamtiririka, naye akashukuru Mungu kwa vitunguu, maana alilia kweli, kwa kwikwi, na aibu ilikuwa inamla. Mama Émerence alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akampa ncha ya kitenge chake ajifute.

"Pole, mwana yangu," akasema. "Saa inafika. Twende kule gare."

Treni ilichelewa saa nzima na nusu. Tshala alikwenda huku na huku kwenye jukwaa la stesheni, anapanga maneno, anayapangua, anayapanga tena. Aanze na mstari wa import? Aanze na Lubumbashi? Mama Émerence alikuwa amesimama palepale, amekumbatia shuka jeupe jipya lililokunjwa vizuri. Tshala alipoliona alifikiria kitanda kilichokuwa kinamngoja kijana, akashindwa kabisa.

Honi ikalia kwa mbali. Watu wakaanza kusukumana kwenda mbele, penye milango ya abiria, wanaita majina, wanapunga mikono. Sasa au basi tena.

"Mama, unisamehe." Sauti ilimtoka kwa kishindo. "Ile mesaji ya asubui iliharibika. Ni minyi niliiharibisha. Plamedi..."

Mama Émerence hakumngoja amalize. Alimshika mkono, akaipa kisogo milango ya abiria, akaanza kutembea naye kuelekea mkia wa treni.

"Mama, bantu banashukaka kule mbele!"

"Minyi bibi ya muntu ya reli, mwana yangu, miaka makumi tatu. Bazima banapandaka mu behewa ya namba. F njo ya mizigo na masanduku ya bantu benye kufa." Akakunjua shuka jeupe. "Nilijua tangu saa kumi na mbili. Kamata ncha hii, tukamufunike."