Mwalimu Pimbi Hataji Jina

Enzi hizo wanyama walipokuwa na chekechea yao, Mama Nguchiro alimkuta mwanawe ameng'atwa sikio. Akafoka, "Nani kamng'ata?"

"Kidonda nimekiosha, na aliyemng'ata nimemwonya," akajibu Mwalimu Pimbi. "Ila jina silitaji, mama."

"Mwalimu gani wewe, unaficha watoto wakorofi!"

Wiki iliyofuata Mwalimu Pimbi alimvuta Mama Nguchiro kando, akamnong'oneza, "Leo mwanao ndiye aliyeng'ata mwenzake."

Mama Nguchiro alitamani ardhi ipasuke immeze. Hapohapo Mama Paa akaingia mbio, amembeba mwanawe aliyevimba mkia kwa kung'atwa. "Nani kamfanyia hivi?"

"Jina silitaji, mama."

Mama Nguchiro akashusha pumzi ndefu. "Mwache mwalimu wetu, shoga," akasema. "Hata mimi alinikatalia, Mungu amzidishie."