Mhudumu wa Rangi ya Ukuta

Katika hoteli ya Mama Bata, mhudumu alikuwa Kinyonga, hodari kweli kweli: mteja akiinua tu mkono kumwita, yeye hugeuka rangi, akafanana na ukuta.

Siku moja Ngiri aliita wee, hadi sauti ikamkauka. Mwishowe akaingia jikoni mwenyewe, akajipakulia ugali na maharage, akala, akanawa. Taulo hakuliona, akajifuta ukutani.

Ukuta ukafoka: "We Ngiri, huna adabu? Mimi ndiye mhudumu!"

"Ala! Kumbe hapa pana mhudumu?"

Mama Bata akaja mbio. "Usibanduke hapo, baba. Uhudumu sijawahi kuuona kwako, lakini taulo nilikuwa nalitafuta."

Tangu hapo Kinyonga ananing'inia kando ya sinki, na wateja wanasifu kwamba huduma imeboreka sana.